Mwaka wa Kusaga Valvu Jikoni kwa Mama

Mwezi uliopita nilicheka matangani. Si kile kicheko cha kujibana nyuma ya kanga, la, nilicheka hasa, mabega yanatikisika, machozi yananitoka, mpaka binti yangu akanishika mkono akanitoa nje huku akiwaambia watu kwamba mama amezidiwa na uchungu. Uchungu wapi! Tulikuwa tumekwenda Makote, kule Newala, kwenye msiba wa Mama Saidi, jirani yetu wa tangu ujana, mke mdogo wa Mzee Bakari ambaye mwenyewe alishatangulia zamani. Wanawake tumekaa mkekani, tumetulia, tena kwa heshima zote, ndipo bibi mmoja wa umri wangu akauliza kwa sauti ya chini, “Amelazwa karibu na Bakari?” Na mwingine, bila hata kuinua macho, akajibu, “Bakari yupi? Wa Mama Zuhura au wa Mama Saidi?” Vijana wakatazamana, wakadhani mzee wa watu keshachanganyikiwa, maana Bakari alikuwa mtu mmoja tu mwenye wake wawili. Lakini sisi vikongwe tuliobaki tulijua. Kulikuwa na mwaka ambao Bakari alikuwa wawili, na wote wawili walikuwa ndani ya injini ya gari, jikoni kwa mama yangu.

Nimeona niuandike mwaka huo kabla na mimi sijafuatia, kwa sababu wajukuu zangu wakisikia kwamba bibi yao amewahi kufungua injini wananitazama kwa huruma. Mmoja wao ana gari zuri, jeupe. Likikohoa kidogo tu analipeleka gereji, anakaa kwenye kiti cha plastiki anachezea simu, fundi anachomeka waya na kusoma ugonjwa kwenye kioo. Siku moja nilimwambia, fungua boneti nione. Akafungua, nikakuta plastiki nyeusi imefunika kila kitu. “Bibi, humu hamna cha kuona,” akaniambia. Nilimhurumia na mimi. Hajui utamu wa kuikuta injini imekaa uchi mbele yako, vipande vyote mezani, na moyo unakudunda kwa kutojua kama itarudi kuwa kitu kimoja.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Picha ya Malkia bado ilining'inia kwenye darasa la shule ya misheni nilikofundisha watoto kusoma, na mimi nilikuwa mwali niliyetoka kuolewa, jina Tekla, miguu myembamba, mdomo mrefu. Mume wangu Hilari alikuwa Myao wa Masasi, kijana wa kwenye malori, anayecheka na meno yote. Nilimpenda mno, sifichi, ile ya kumsikia mtu anakohoa nje ukaacha chungu kiungue. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Anajenga penye uwanja wa mama mkwe, anamfyekea na kumlimia shamba, watu wanamtazama. Akionekana si mtu wa kazi, mjomba wa mke anamfungia virago na kumrudisha kwao. Ndoa ya kanisani, ndoa ya msikitini, mjomba ni mjomba. Halafu kuna adabu ya mkwe. Mama na mume wa binti yake hawatazamani, hawasemezani, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hata shikamoo ilipita kwangu: Hilari ananiambia mimi, mimi nampelekea mama, mama ananipa marahaba nimrudishie. Hakuna chuki hapo. Ndiyo heshima yenyewe, na mama yangu alikuwa mkali wa heshima.

Sasa fikiria siku Hilari alipohamia. Kijiji kizima kimetoka kumwona mkwe wa Mama Tekla, tunatazamia mtu mwenye jembe begani. Likaja lori lililokuja kuchukua makopa ya muhogo, na nyuma yake, kwenye kamba, pikapu moja kuukuu yenye pua ndefu, na ndani ya pikapu mume wangu ameshika usukani, anapungia watu. Bwana harusi anavutwa kwa kamba! Wanawake walipiga vigelegele vya kukata mbavu. Gari hilo mfanyabiashara mmoja wa Masasi alimwachia kwa sababu lilikuwa limekufa na hakuna aliyelitaka. Mjomba wangu Chitanda, kaka yake mama, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi, akalizunguka polepole, akagonga boneti kwa fimbo. “Mkwe,” akasema, “umekuja na maiti.” Hilari akapiga goti. “Haijafa, Mjomba. Imechoka tu. Nitaifungua mwenyewe hapa hapa nyumbani.” “Na jembe?” “Mjomba, shamba nitalima. Lakini kwanza nataka mama aache kushuka bondeni. Gari hili litamletea maji.” Mjomba akavuta ugoro, akapiga chafya. “Mvua za kwanza zikikuta hilo dude limekaa hivyo hivyo, na shamba halijafyekwa, nitakurudisha kwenu. Nimemaliza.”

Maji, kwetu juu huko, ndiyo yaliyokuwa maisha yenyewe. Mabomba yalikuwa hayajatufikia. Mama aliondoka kabla ya jua na mtungi wake, akateremka ule mteremko wote mpaka bondeni, akafukua mchanga, akasubiri maji yajikusanye, akajitwika, akapanda. Akifika nyumbani, watu wa shule tumeshapiga kengele ya mapumziko. Goti lake moja lilikuwa limeanza kuvimba, na kila jioni alilikanda kwa majani ya nyonyo yaliyopashwa moto. Kwa hiyo Hilari hakuwa anacheza. Lakini nilimsikia mama jioni moja akizungumza na mjomba nje ya nyumba, mimi nikiwa ndani napepeta mbaazi. “Dada, huyu bwana hana shamba,” mjomba akasema. “Hana,” mama akajibu. “Mvua zikija tutamrudisha.” “Ulishasema.” Basi, hayo tu. Sikusikia akimtetea hata kwa neno moja.

Kufungua injini nje kulikuwa taabu tupu. Upepo wa kusi unavuma na vumbi lile jekundu, kuku wanadonoa nati wakidhani ni mahindi. Ndipo Hilari akapata wazo. Jiko la mama lilikuwa kibanda kikubwa cha fito, sakafu imesilibwa vizuri, hamna vumbi. Akawaomba vijana waje na mpiko, ule mti wa kubebea mizigo mabegani, wakaifunga injini kamba, wakaibeba kama nguruwe wa harusi wakaiingiza jikoni, wakaikalisha juu ya magogo karibu na mafiga. Kazi safi. Tukakaa tunajipongeza. Mama akarudi kutoka bondeni na mtungi kichwani, akaingia jikoni kwake, akasimama. Hilari alikuwa ameshatoka mbio kwa mlango wa nyuma, maana mkwe hawezi kukaa chumba kimoja na mama mkwe. Na hapo ndipo, akiwa nje amechuchumaa nyuma ya ukuta wa fito, akatambua alichokifanya. Injini iko jikoni kwa mama mkwe. Na jikoni kwa mama mkwe, mkwe haingii. Mume wangu alikuwa amejifungia nje ya injini yake mwenyewe!

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. “Mama, tutaitoa sasa hivi,” nikasema. Mama alitua mtungi, akaizunguka injini, akainusa. Kichwa cha injini kilikuwa kimeshafunguliwa, ndani kumejaa masizi magumu. Akakwangua kwa ukucha. “Mbona ukoko umejaa hivi? Nani alikuwa anapikia humu?” Kutoka nyuma ya ukuta, sauti ya Hilari: “Tekla, mwambie mama hayo ni masizi ya petroli.” Mama akaniangalia mimi. “Mwambie mwenzio ukoko ni ukoko.” Akachukua upawa wa chuma anaokwangulia vyungu, akapiga magoti. “Na mwambie hiki kitu hakitoki. Huko nje kuku watakinyea.”

Ndivyo ulivyoanza mwaka wa raha kuliko yote niliyowahi kuishi. Nikitoka shule natupa chaki, navaa kaniki, naingia jikoni. Mimi na mama ndani, Hilari nje ya ukuta amekalia kinu kilichopasuka, jicho moja kwenye upenyo wa fito. Walisikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipaswa kupita kwangu. “Tekla, mwambie mama afungue ile nati ya kushoto.” “Mama, fungua ile nati ya kushoto.” “Nimesikia. Mwambie mwenzio sikio langu si bovu, asinipigie kelele.” “Hilari, usipige kelele.” “Samahani.” “Mama, anasema samahani.” “Nimesikia!” Mchana tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, harufu ya grisi imechanganyika na moshi wa kuni, na mama alikuwa anasukuma bakuli la Hilari kupitia upenyo wa ukuta bila kumtazama. Mwanzo lilikuwa bakuli la kawaida. Baadaye nikaona ming'oko minene yote inaenda ukutani, mimi naachiwa mizizi. Nilitafuna mizizi yangu kwa furaha.

Kilichobadilisha kila kitu ni neno moja. Siku tulipochomoa valvu, vile vijiti vya chuma vyenye kichwa kama uyoga vinavyofungua na kufunga pumzi ya injini, Hilari alizikagua pale upenyoni akahema. “Zimeungua midomo yote, Tekla. Hazifungi. Lazima zisagwe. Nipe mimi nizisage, mama atoke kidogo.” Mama akainuka na goti lake bovu. “Amesemaje? Zisagwe?” “Ndiyo mama, zisagwe.” “Mwambie mwenzio,” akasema polepole, tena kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, “katika mji huu mwanamume hasagi. Watu watasema nini? Kwamba Mama Tekla kaozesha binti yake kwa msagaji? Kusaga ni kwetu.” Hilari akajaribu kueleza kwamba kusaga valvu si kusaga mtama, ni jina tu la mafundi. Thubutu! Neno lilikuwa limeshatoka. Mama akaketi, akanyoosha miguu, akaniambia nimletee valvu ya kwanza.

Na kumbe Hilari aliposimulia namna yenyewe, mama hakuhitaji kufundishwa sana. Valvu inakaa kwenye kitundu chake, unapaka uji wa mchanga laini kwenye mdomo, unaweka kijiti juu, unakizungusha kati ya viganja, mbele na nyuma, mpaka chuma na chuma vinang'aa na kubusiana. Ni kupekecha tu, kama tunavyopekecha mlenda. Uji wenyewe hatukuwa nao. Mama akachukua kinoo kilichovunjika, akakitwanga, akachekecha kwa kitambaa chake cha kanisani, akachanganya na mafuta ya nyonyo. Hilari akaupima kwa vidole kupitia upenyo, akasema, “Mwambie mama ni laini kuliko wa Masasi.” Mama akajifanya hakusikia, lakini alisaga siku ile akiimba. Miguu ya valvu tuliipunguza kwa tupa ya kunolea majembe, kila mmoja mpaka ulingane na kitundu chake, na nafasi ya kuacha kati ya mguu na chuma kinachousukuma tulipima kwa jani kavu la mkorosho. Jani likipita kwa kusuguasugua, basi. Likipita kwa kulegea, umekata sana, uanze kujuta.

Hilari alisisitiza jambo moja, alilirudia mpaka likawa wimbo: kila valvu irudi kwenye kitundu chake yenyewe. Imesagwa na mdomo ule, mguu wake umekatwa kwa kipimo kile, ukiibadilisha hutapata kitu. Mama akasema hilo nalo si la kumfundisha, hivyo ndivyo kijiji kilivyo: nyumba ni ya mke na mume anajua mlango wake. Hapo hapo akavipa vitundu vyote majina ya wanawake wa jirani, kwa kufuata nyumba zilivyopangana, na valvu zikapangwa kwenye ungo zikaitwa majina ya waume zao. Jamani, tulicheka! “Nipe mume wa Mama Anjela.” “Huyu hapa.” “Mbona kilema?” “Ndivyo alivyo hata nyumbani.” Ya kwetu, ya mwisho, mama hakuweza kuitaja, maana ingebidi atamke jina la mkwe. Akaiita Mwenzio. Na kwa kuwa Mama Zuhura na Mama Saidi walikuwa wake wa mtu mmoja, kwenye ungo tukawa na Bakari wawili, mmoja wa Mama Zuhura, mmoja wa Mama Saidi. Wenyewe majirani walikuja kujitazama. Mzee Bakari alikuja na kanzu yake, akaniuliza yeye ni yupi, nikamwonyesha wote wawili, akatikisa kichwa akasema hata kwenye chuma hapumziki.

Korosho zikaanza kuiva, mabibo yakaanza kudondoka, nyumba zikanukia uraka, pombe ya mabibo, na upande wa mashariki wingu likaanza kujikusanya kila alasiri. Tukaharakisha. Siku ya kurudisha valvu, kuku alirukia ungo, Bakari wote wawili wakaviringika hadi majivuni. Niliwapangusa, nikawaangalia, wanafanana kama mapacha. Yupi ni yupi? Hilari alikuwa amekwenda kutafuta vijana wa kubeba injini. Mama hakusita hata kidogo. “Wiki hii zamu ya nani?” akaniuliza. “Zamu gani, mama?” “Bakari analala wapi wiki hii?” Nikafikiri, nikasema, nadhani kwa Mama Saidi. “Basi,” akasema, akaokota wa juu. “Huyu aliyetangulia anaenda kwa Mama Saidi. Mwingine kwa Mama Zuhura.” Mimi, mwalimu mzima, nilikubali. Naapa kwa kweli, wakati ule ilionekana ni akili kubwa.

Injini ikarudishwa kwenye gari. Mjomba Chitanda alikuja na kiti chake kutazama. Rejeta iliomba maji, na mama kutoka jikoni akaniuliza, “Yaani linywe maji yangu kabla halijaniletea?” lakini akayatoa, mtungi mzima. Hilari akatemea mate viganjani, akashika hendeli ya kuwashia iliyochomekwa puani mwa gari, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Injini ikalia! Nikaruka juu! Halafu ikapiga chafya, ikatoa moto kwenye kabureta, ikatikisika gari zima kama lina homa, ikazima. Akawasha tena, ile ile, chafya na kutikisika. Mjomba akatazama wingu, akatazama gari, akafunga kikopo cha ugoro wake. “Keshokutwa,” akasema, “nitakuja na vijana wa kubeba mizigo ya mkwe.” Hilari aliketi chini kwenye vumbi, grisi mpaka kwenye nyusi, na mara ya kwanza sikuyaona meno yake. “Nitarudi Masasi, Tekla,” akaniambia. “Usinililie.” Nilikuwa nimeshaanza.

Lakini fundi ni fundi, hakuweza kuondoka bila kujua mgonjwa kafa kwa nini. Akaiwasha kwa shida, akawa anachomoa waya wa plagi moja moja, kila plagi na chumba chake cha injini, na kusikiliza. Ya kwanza, injini ikalegea, nzima hiyo. Ya nne, nzima. Ya pili akachomoa, hamna tofauti. Ya tatu, hamna tofauti. “Hizi mbili za katikati hazifanyi kazi,” akasema. Na mimi, kwa mazoea tu, nikapaza sauti kuelekea jikoni, “Mama, ya pili na ya tatu hazifungi!” Upawa ukaacha kugonga chungu. “Ya pili kwa nani?” “Kwa Mama Zuhura.” “Na ya tatu?” “Kwa Mama Saidi.” Halafu kutoka jikoni kikatoka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwa mama yangu, kikubwa, cha tumboni, cha kuegemea ukuta. “Tekla! Kamwite Bakari!” Nikakimbia. Mzee wa watu akaja anahema, akidhani kuna msiba. “Mzee Bakari, shikamoo. Wiki hii ulilala nyumba gani?” Alinitazama, akamtazama Hilari, akatazama gari. “Marahaba. Mwanangu, hayo ni maswali?” “Tafadhali, Mzee.” Akashusha sauti. “Kwa Mama Zuhura. Ilikuwa zamu ya Mama Saidi, lakini yeye akaumwa tumbo, wakabadilishana.” Nilimkumbatia Mzee Bakari mbele za watu, na kofia yake ikaanguka.

Siku iliyofuata tulifungua, tukawabadilisha Bakari, kila mmoja mlangoni kwake, jani la mkorosho likapita kwa kusuguasugua kama linavyotakiwa. Hendeli ikazungushwa mara moja. Mungu wangu! Sauti ile bado ninayo masikioni, nyororo, mfululizo, kama mtu anayesaga bila kuchoka. Kuku walitawanyika, watoto wangu wa shule wakaja mbio na vibao vyao, Hilari akacheza kuzunguka gari lake na mimi nikacheza nyuma yake na kaniki yangu chafu. Mama alisimama mlangoni pa jiko, uso ameugeuzia ukuta kama adabu inavyotaka, lakini mguu wake ulikuwa unapiga chini kwa kufuata injini.

Kesho yake, siku yenyewe aliyoisema mjomba, tuliamkia bondeni. Mapipa nyuma, mama amekaa kati ya mapipa na mgongo kwa dereva, kanga kichwani, Mama Zuhura na Mama Anjela pembeni yake. Mimi mbele na Hilari, kwa sababu mdomo wao bado ulikuwa mimi. Kushuka kulikuwa sherehe. Tulijaza mapipa, wanawake waliokuwa kisimani wakatutwisha na mitungi yao, tukaanza kupanda. Wingu lilikuwa limetanda jeusi. Kona ya kwanza tukaipita, ya pili tukaipita, wanawake wanaimba. Kwenye ile kona kali ya juu, gari likaanza kulemewa. Hilari, kwa hofu ya kulizima, akang'ang'ania gia ya pili. Mama akagonga bati. “Tekla, mwambie mwenzio apunguze!” “Hilari, mama anasema upunguze.” “Nipunguze nini? Mwendo?” “Mama, apunguze mwendo?” “Gia! Gia!” “Hilari, anasema...” Injini ikapiga mwayo, ikazima, gari likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma. Hilari akakanyaga breki na miguu yote miwili, tukawa tunateleza tu polepole kuelekea ukingoni, mapipa yanagongana, Mama Zuhura anaita mitume. Mimi, mdomo wao, nimeng'ang'ania mlango, sina cha kumpelekea mtu yeyote. Ndipo kichwa cha mama kikaingia kwenye dirisha la nyuma lisilo na kioo, kanga imeanguka, macho kwa macho na mkwe wake. “Hilari!” akapiga kelele. “Hilari, mjinga mkubwa wewe! Washa, tia namba moja! Unataka kuniua na maji yangu?”

Hilari akabonyeza stata, injini ya moto ikaitika bila hendeli, akatia namba moja. Gari likatetemeka, likanguruma, likapanda. Lakini hakuna aliyeimba tena. Mama alikuwa amejifunika kanga usoni kote, na wale wanawake wawili walishikana mikono. Ametaja jina la mkwe. Amemtazama usoni. Amemtukana. Kwetu hilo lilikuwa zito kuliko shamba lisilofyekwa, na mjomba alikuwa anatungoja uwanjani na vijana wake, kamba za mizigo begani.

Gari likaingia uwanjani, matone ya kwanza yakaanza kudondoka juu ya boneti, yakichemka. Hakuna aliyeshangilia maji. Mama Zuhura hakuweza kujizuia, akasimulia yote yaliyotokea kabla hajashuka. Mjomba Chitanda alisikiliza mpaka mwisho, mvua inamlowesha. “Dada,” akauliza, “ulimwita jina?” “Nilimwita,” mama akajibu ndani ya kanga. “Ukamtazama?” “Nilimtazama.” “Ukamwita mjinga?” “Mjinga mkubwa,” mama akasema, maana hakuwa mtu wa uongo. Mjomba akavuta ugoro, akangoja chafya, haikuja. Akawageukia watu. “Mkwe hatukanwi,” akasema. “Mkwe akikosa tunaitana, tunakaa, tunasema naye kwa adabu, tunamrudisha kwao. Anayetukanwa papo hapo ni mtoto wa ndani. Dada yangu kamtukana huyu kwa jina lake. Basi huyu ni mtoto wa dada yangu, ni mpwa wangu.” Akawanyang'anya vijana zile kamba. “Sasa mpwa wangu nimrudishe kwao wapi? Kwao si ndiyo hapa?”

“Salale!” akasema Mzee Bakari kutoka barazani kwake. “Tekla kaolewa na kaka yake!” Watu wakaangua kicheko, mimi nimeshika mlango wa gari. Hilari akashuka. Alikwenda mpaka mbele ya mama, karibu kabisa, mahali ambapo hakuwahi kusimama, akapiga goti kwenye matope. Nilifungua mdomo nimpelekee salamu yake, kwa mazoea. Akanipita. “Shikamoo, mama.”

Mama akashusha kanga, akamtazama.

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Shusha maji.”